Na Kesho Yake Je? Ilani ya Wagonjwa wa Uchovu Sugu

Ilani hii imeandikwa kwa zamu. Mmoja wetu aliandika aya mbili akiwa amelala chali, simu ameishika juu ya uso mpaka mkono ukafa ganzi. Mwingine akazipokea, akafuta nusu, akaongeza tatu, kisha hatukumsikia wiki nzima. Wa tatu alijitolea kutusomea kwa sauti, akaishia katikati ya ukurasa wa pili na kuomba radhi: maneno yalikuwa yanamkimbia. Kazi ambayo mwenye afya angeimaliza kwa mchana mmoja imetuchukua miezi. Tunalisema hili mapema ili msomaji ajue anaongea na watu gani.

Sisi ni wagonjwa wa uchovu sugu, pamoja na ndugu wanaotuuguza. Miongoni mwetu wamo mwalimu wa msingi, fundi cherehani, karani, mama lishe, na mwanafunzi aliyeacha chuo mwaka wa pili. Tuko Tanzania na Kenya, na wachache tuko ughaibuni. Leo tunaanzisha harakati. Haina ofisi wala kadi ya uanachama, na haitaandamana barabarani, kwa kuwa wengi wetu hatuwezi kusimama hata kwenye foleni ya maji bombani. Silaha yake ni swali moja, nalo tutalifikia.

Ugonjwa wenyewe

Jina lenyewe linatuponza. Ukisema "uchovu", kila mtu anadhani anaujua. Mkulima hurudi shambani amechoka, akaoga, akala, akalala, akaamka yuko sawa. Uchovu wa namna hiyo ni ujira wa kazi na dawa yake ni usingizi. Wetu usingizi hauugusi.

Wenye mita ya umeme ya LUKU watatuelewa upesi. Mwenye afya ni kama mtu ambaye mita yake hujazwa yuniti kila usiku, bure, bila yeye kujua. Sisi tunaamka na yuniti tatu, nne, na usiku hauongezi kitu. Kuoga ni yuniti moja. Kuongea na mgeni ni nyingine. Baya zaidi, mita yetu haizimi papo hapo zikiisha. Inakukopesha. Unaweza ukafua, ukapika, ukapokea watu, ukacheka nao, na usijue umekopa. Deni linakuja baada ya saa 12, au 24, hata 48, na linakatwa lote kwa mkupuo pamoja na riba. Kuzidiwa huku baada ya kujibidisha, hata kwa jambo dogo, ndiko madaktari wanakokuona kuwa alama kuu ya ugonjwa huu. Sisi tunakuita mporomoko.

Mwenzetu mmoja alikuwa akikaanga vitumbua mtaani kwake Dar es Salaam kabla hajaugua. Jumamosi moja alijisikia nafuu, akafua na dada yake: mashuka mawili, vitenge vitatu, sare za watoto. Akakamua, akaanika mwenyewe. Jirani alipoiona kamba imejaa akampigia vigelegele: "Mama, umepona!" Jumapili aliamka mitoki imemvimba shingoni, koo linawasha, na mwanga wa dirishani unamchoma macho kama pilipili. Jumatatu mwanawe wa miaka tisa ndiye aliyemshika kichwa anywe uji kwa mrija. Hakuinuka mpaka Alhamisi ya wiki ya pili. Jirani hakuyaona hayo. Alichoona ni kamba ya nguo.

Mporomoko hauji peke yake. Kuna usingizi usioburudisha: mtu analala saa kumi, anaamka kama aliyekesha. Huku kwetu anayeamka hivyo huambiwa kwamba wachawi walimchukua usiku kwenda kumlimisha mashamba yao. Hatuwacheki wanaosema hivyo, maana ndivyo mwili unavyohisi hasa, kama umelima mpaka alfajiri kwenye shamba la mtu usiyemjua. Kuna ukungu kichwani: namba ya siri ya M-Pesa uliyoitumia miaka sita inapotea, chenji ya elfu kumi inakushinda kuhesabu, sentensi uliyoianza huioni mwisho wake. Kuna kusimama: moyo unaenda mbio, macho yanaingia giza, ndiyo maana wengi wetu tunaoga tumekaa kwenye kigoda. Kuna maumivu ya viungo na misuli, na kuna sauti ya kawaida ya redio inayoingia masikioni kama nyundo.

Haya yakimshika mtu mzima kwa zaidi ya miezi sita, yakamwondoa kwenye maisha aliyokuwa nayo, na maradhi mengine yakatafutwa yasionekane, anastahili kuambiwa jina la ugonjwa wake. Duniani wanaufupisha ME/CFS. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume, na watoto nao huupata. Hakuna kipimo cha damu kinachouthibitisha, wala dawa ya kuuponya. Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipoupitia utafiti wote mwaka 2015 ilihitimisha kwamba ni ugonjwa mzito wa mwili unaogusa mifumo mingi, na kwamba walau robo ya wagonjwa hufika mahali pa kushindwa kutoka nyumbani au kitandani. Ilikadiria pia kwamba Marekani kwenyewe, pamoja na maabara zake zote, kati ya asilimia 84 na 91 ya wagonjwa walikuwa hawajaambiwa wanaumwa nini.

Tulivyokosa kuaminiwa

Mwaka 1955, katika hospitali ya Royal Free jijini London, wafanyakazi 292 waliugua kwa mfululizo, wengi wao wauguzi, na hospitali ikafungwa kwa zaidi ya miezi miwili. Waliokuwapo waliandika walichokiona: homa, mitoki, misuli kuishiwa nguvu, na wengine kutopona. Miaka 15 baadaye madaktari wawili wa akili walisoma mafaili ya wagonjwa hao. Hawakumpima hata mmoja. Wakaamua kwamba ule ulikuwa mkumbo wa hofu, na moja ya hoja zao ni kwamba wengi wa waliougua walikuwa wanawake. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshauweka ugonjwa huu kwenye orodha ya maradhi ya mfumo wa neva tangu 1969. Lakini maneno ya wale wawili ndiyo yaliyoshika, na vizazi vya madaktari vikafundishwa kutabasamu wakisikia malalamiko yetu.

Kisha likaja neno "fanya mazoezi". Mwaka 2011 jarida la Lancet lilichapisha utafiti mkubwa wa Uingereza uliosema kwamba mgonjwa akiongezewa mazoezi kidogo kidogo na kubadilishwa fikra zake kuhusu ugonjwa atapata nafuu; baadaye watafiti wake wakasema kwamba wengine walipona. Wagonjwa walidai kuziona takwimu. Wakanyimwa. Ilibidi baraza la rufaa liamuru mwaka 2016 zitolewe, na zilipohesabiwa upya kwa vigezo ambavyo watafiti wenyewe walijiwekea kabla ya kuanza, kupona kule kulisinyaa mno. Oktoba 2021 taasisi ya NICE, inayoandika miongozo ya tiba ya Uingereza, iliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua kama tiba ya ugonjwa huu.

Wapo pia waliotupima kwa baiskeli ya maabara siku mbili mfululizo. Siku ya kwanza baadhi yetu tulikaribiana na mtu wa kawaida asiyefanya mazoezi. Siku ya pili yeye alirudia alichofanya jana, sisi tukashuka. Aliyepima siku moja tu asingeona kitu. Kumbe hata mashine ilihitaji kuuliza kuhusu kesho yake.

Huku kwetu

Mwaka uleule wa Royal Free, 1955, zilichapishwa taarifa za homa nyingine, iliyokuwa imezuka kwenye uwanda wa Makonde, wilayani Newala, kati ya 1952 na 1953. Wenyeji walikuwa wameshaipa jina kwa lugha yao, kwa jinsi ilivyomkunja mgonjwa: chikungunya. Dunia nzima leo inaiita kwa Kimakonde. Homa hiyo ilirudi Lamu mwaka 2004, na wachunguzi wakakadiria kwamba robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Ikapiga Mombasa mwaka 2017 na 2018. Kidingapopo nacho kilipita Dar es Salaam 2014, kikarudi 2019. Halafu ikaja korona.

Kwa nini tunazitaja homa katika ilani ya uchovu? Kwa sababu ugonjwa wetu mara nyingi huanza na maambukizi. Huko Dubbo, mji mdogo wa Australia, watafiti waliwafuatilia watu 253 waliougua maradhi matatu tofauti, moja likiwa homa ya mbu iitwayo Ross River, ambayo kirusi chake ni ndugu wa kirusi cha chikungunya. Baada ya miezi sita, mtu mmoja kati ya kila tisa hivi alikuwa na uchovu sugu kwa vigezo vyote. Kilichotabiri nani angebaki kitandani ni ukali wa homa ya mwanzo. Tabia yake au wasiwasi wake havikutabiri kitu. Matokeo hayo yalitangazwa 2006. Hatusemi kwamba kila aliyepitiwa na homa Lamu au Kariakoo na akabaki dhaifu ana ugonjwa wetu. Tunasema afuatiliwe, aulizwe, aandikwe.

Maana hali ilivyo, mgonjwa wetu hukutana na njia nyingine. Anakwenda zahanati, anaambiwa malaria. Anamaliza dozi, anarudi, anaambiwa taifodi. Anachomwa sindano siku tano, anarudi, anaambiwa U.T.I. sugu. Safari ya nne majibu yote ni safi, na hapo ndipo heshima yake inapoishia. "Huna kitu, mama. Punguza mawazo." Nyumbani majibu safi husomwa kwa njia mbili: ama karogwa, ama mvivu.

Na uvivu huku kwetu ni shutuma kubwa. Tumelelewa na "Ajizi nyumba ya njaa". Tumekua na Uhuru na Kazi, na Harambee, na Hapa Kazi Tu. Hatuna ugomvi na kazi. Wengi wetu tuliugua kwa sababu hatukujua kuiacha. Lakini hata Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililowakemea wanaoishi kwa jasho la wengine, liliwatoa watoto, wazee na wasiojiweza kwenye hesabu hiyo. Sisi bado tunaitwa kupe na watu tuliokula nao sahani moja.

Tazameni pia sheria inavyotuacha njiani. Tanzania Bara, mwajiriwa anayo likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu, naye alete cheti cha daktari. Ugonjwa wetu unahitaji miezi sita ili upewe jina. Likizo inaisha mwezi wa tano kabla daktari hajafikia mahali pa kuandika chochote kwenye hicho cheti. Na hapo tunamzungumzia mwenye mkataba. Muuza vitumbua hana hata siku moja. Kenya wana mlango ulio wazi zaidi: Katiba yao ya 2010 inauhesabu ugonjwa wenye athari kubwa au ya muda mrefu kwenye shughuli za kila siku kuwa ulemavu. Mlango upo, ila wagonjwa wetu wengi hawajui kwamba unawahusu.

Tunayoyakataa

Tunakataa neno "jikaze". Tumejikaza kisabuni, ndivyo tulivyofika hapa. Kwa mgonjwa wa malaria kujikaza ni ushujaa wa siku tatu. Kwetu ni kukopa.

Tunakataa kuhukumiwa kwa siku tunayoonekana. Mkituona harusini tumejipamba, mjue tulilala siku nne kuitafuta siku ile, na tutalala nane kuilipa. Tusipoonekana msibani, mjue kwamba tumelia kitandani, na rambirambi tulituma kwa simu.

Tunakataa vilevile kuutetea mwili wetu kwa kuwadharau wenye maradhi ya akili. Sonona ni ugonjwa wa kweli, na baadhi yetu tunayo pia. Ila mwenye sonona mara nyingi hana hamu ya kufanya. Sisi hamu tunayo tele na ndiyo inayotuponza.

Tunayoyadai

1. Kwa wahudumu wa zahanati na hospitali: mkishapima malaria, wingi wa damu, kisukari, kifua kikuu, Virusi vya Ukimwi na tezi ya shingo, na majibu yakawa safi, msifunge faili. Mlazeni mgonjwa dakika kumi, mpimeni mapigo na presha, kisha msimamisheni ameegemea ukuta dakika kumi nyingine huku mkipima. Kwa mtu mzima, mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi bila presha kushuka, hiyo ni dalili ya kufuatiliwa. Inahitaji saa ya mkononi na mashine ya presha, basi.

2. Kwa vyuo vya udaktari na uuguzi: ufundisheni ugonjwa huu kwa jina lake, na maagizo ya mazoezi ya lazima yaondoke darasani.

3. Kwa wizara za afya: kila mlipuko wa homa ukiisha, warudieni waliougua baada ya miezi sita. Msihesabu waliokufa na waliopona tu. Hesabuni na waliobaki katikati.

4. Kwa waajiri: tupeni kiti. Tupeni saa chache, kazi ya nyumbani inapowezekana, na ruhusa ya kulala nusu saa mchana bila kuandikiwa barua ya onyo.

5. Kwa walimu: mtoto aliyekuwa akiongoza na sasa anasinzia msimpige. Muulizeni mzazi anaamkaje.

6. Kwa masheikh, wachungaji na waombezi: tuombeeni, tunahitaji dua. Lakini msituambie tutupe dawa, na tusipopona msitutangaze kuwa tuna imani haba.

7. Kwa watunga sheria: likizo ya ugonjwa itazamwe upya kwa maradhi yasiyokwisha, na neno ulemavu lifafanuliwe ili limkute hata yule ambaye Jumatatu anatembea na Jumatano hawezi kugeuka kitandani.

Tunayojiahidi wenyewe

Tutafundishana kujipimia: kufanya pungufu ya tunachoweza, hata siku njema, hasa siku njema. Wahenga walisema polepole ndio mwendo. Kwetu ni agizo la tiba. Kumenya viazi tumekaa. Kufua soksi leo, shati keshokutwa. Kupumzika kabla ya kuchoka.

Hatutauza dawa wala kumtangaza muuza dawa. Akitokea mtu na chupa inayoponya kila kitu, hata akiwa ndugu yetu, tutamwomba ushahidi.

Hatutamwambia kila aliyechoka kwamba ni mwenzetu. Tutamwambia kwanza akapime, kwa kuwa upungufu wa damu una tiba na kifua kikuu kina tiba, na ni heri apone kuliko ajiunge nasi.

Hatutaficha. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kimya chetu kimeshazika kazi, ndoa na masomo ya kutosha.

Kila tarehe 12 Mei, siku ambayo wagonjwa wa ugonjwa huu duniani huiadhimisha, tutafungua madirisha na kuweka jozi moja ya viatu nje ya mlango: viatu vya mtu ambaye angekuwa kazini, shuleni au sokoni. Siku hiyo ni ya kuzaliwa Florence Nightingale, muuguzi aliyerudi kutoka vita vya Crimea akiwa mgonjwa, na ambaye kwa miaka mingi aliendesha mageuzi ya hospitali akiwa chumbani kwake, kitandani, kwa kalamu. Nasi ndivyo tutakavyofanya kazi.

Kwako wewe uliyesimama

Umesoma mpaka hapa kwa dakika kumi hivi, labda ukiwa kwenye daladala. Bila shaka kuna mtu unayemjua ambaye zamani alikuwa mchangamfu, akapata homa, na tangu hapo "hajarudi vizuri". Shangazi, mpangaji mwenzako, binti wa jirani aliyeacha kuja kwenye kikoba. Mgonjwa haulizwi uji, nawe usingoje akuombe. Mpelekee maji ndani. Mfulie mashuka. Kaa naye robo saa, uondoke kabla hajachoka kuwa mwenyeji.

Na akikwambia kwamba juzi alijaribu kutoka, usimpigie vigelegele wala usimpe pole. Muulize: na kesho yake je? Kisha subiri ajibu. Ukungu ukiwa mzito, jibu huchelewa.